Waya Ulio Nyuma ya Runinga Yako

Msikilizaji wa Garsen, Minjila, Ngao na Tarasaa, leo tazama nyuma ya runinga yako.

Kenya ilizima matangazo ya analogi mwaka 2015. Tangu hapo wengi tunatazama kwa king'amuzi. Picha hufika humo ikiwa ya dijitali, safi. Lakini je, inatoka kwa waya gani?

Nyumba nyingi zina zile nyaya tatu: nyekundu, nyeupe, manjano. Nyekundu na nyeupe hubeba sauti. Picha yote, mwanga na rangi pamoja, hubanwa kwenye manjano peke yake. Huo ni waya wa analogi, na nafasi yake ni ndogo. Ni kama mfereji mwembamba: hata Mto Tana ujae vipi, shamba hupata kile tu mfereji unachopitisha. Ndiyo maana namba za jezi za wachezaji hazisomeki, na watu hulaumu antena bure.

Waya wa HDMI una nafasi kubwa. Hubeba picha ya dijitali pamoja na sauti.

Basi fanya hivi. Zima runinga na king'amuzi. Vyote vina tundu la HDMI? Chomeka waya huo, kisha chagua HDMI kwa rimoti. Waya mfupi, mzima, unatosha. Usishawishiwe kununua wa bei ghali. Nawe mwenye kibanda cha mpira, usivute waya mrefu mwembamba. Picha inaweza kukatikakatika.

Runinga ya zamani haina tundu hilo? Endelea na manjano. Na picha ikivunjika vipande vya mraba, hapo ndipo ugeuze antena.