Hotuba ya Katibu katika Yubile ya Kwaya

 

Leo hatutaanza na vikombe wala kanda tulizorekodi. Tunamshukuru Mungu kwanza kwa wenzetu wanne walioacha pombe na muguka. Makindu yetu iko kando ya barabara kuu ya Mombasa. Malori hulala hapa, vishawishi havilali. Sheria ya vileo ya 2010, ile ya Mututho, iliposema baa zifunguliwe saa 11 jioni siku za kazi, nasi tukapanga mazoezi saa 11 hiyo hiyo. Wapo waliotucheka. Mei 2014, pombe yenye methanoli ilipoua watu Kitui na Embu, kicheko kikaisha.

Mmoja wa hao wanne, naye ameturuhusu tuseme, alirudia chupa mara mbili. Hatukumfuta kwenye daftari. Tulimfuata nyumbani, na mama yake akawa anamsindikiza mazoezini hadi mlangoni. Sasa ana miezi 14, na ndiye atakayeanzisha besi katika wimbo unaofuata.

Mama, tafadhali simama tukuone.