Jasho la Usiku Si Malaria Kila Mara
Leo tunazungumza na akina mama wa Kampala waliovuka miaka 40.

Unaamka saa nane usiku shuka limelowa jasho, na wenzako nyumbani wamejifunika blanketi. Asubuhi unapitia duka la dawa kununua dawa ya malaria. Subiri kwanza, mama. Pima. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi. Kama huna malaria, huenda mwili wako unaelekea kukoma hedhi.

Dalili nyingine ni hizi: hedhi kuruka miezi au kuja kwa kukaribiana, joto la ghafla linalopanda kutoka kifuani hadi usoni, usingizi kukatika, hasira za karibu, kusahausahau na ukavu ukeni. Kipindi hiki cha kuelekea kukoma hedhi chaweza kudumu miaka kadhaa. Hedhi huhesabiwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla ya hapo mimba inawezekana, basi usiache uzazi wa mpango.

Jasho la usiku likifuatana na kikohozi au kukonda, pima kifua kikuu. Ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, usingoje. Nenda ukapimwe shingo ya kizazi. Anzia vituo vya afya vya mamlaka ya jiji la Kampala (KCCA) kama Kisenyi, Kiswa au Kawaala, ukiwa na tarehe za hedhi zako umeziandika.

Nawe baba, mkeo akifungua dirisha usiku wa manane, usigombane naye. Muulize anajisikiaje.