Cheti cha Ndoa si Pasipoti



Wilayani Kyela, mkoani Mbeya, Mto Songwe ndio mpaka, na ng'ambo yake ni Malawi. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa Karonga husikilizana bila mkalimani, na desturi ya kuoana kati yao ni ya kale kuliko mpaka wenyewe, uliowekwa na Wajerumani na Waingereza pasipo kuwauliza wenye mashamba. Kule Tunduma, mji uliokuwa wa Mkoa wa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, hali ni hiyo hiyo kwa Wazambia wa Nakonde. Hata Iringa, ambayo haipakani na nchi yoyote, wako wake na waume wa kigeni waliofika kwa kazi za misheni, hospitali na vyuo, wakaoa au kuolewa, wakabaki.

Mke wa namna hiyo akikaa miaka kumi na mitano mtaani huitwa mama fulani kama wenzake. Hupika misibani, hutunza daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, na watoto wake husoma shule ya kata. Mtaa mzima humhesabu mwenyeji. Pasipoti aliyokuja nayo iko chini ya sanduku, imefunikwa na vitenge, na muda wake umekwisha zamani.

Lazima ifahamike kwamba ndoa peke yake haimpi mtu uraia wa Tanzania. Haimpi hata ukaazi wa kudumu usiohitaji karatasi nyingine. Mgeni aliyeolewa na raia hukaa nchini kwa hati ya mtegemezi au kwa kibali cha ukaazi, na karatasi hizo zote mbili husimama juu ya pasipoti ya kwao. Pasipoti ikifa, hati iliyo juu yake hulegea. Cheti cha ndoa, hata kikiwa na mhuri wa kanisa, wa msikiti au wa mkuu wa wilaya, chathibitisha kwamba fulani ni mke wa fulani. Hakithibitishi yeye ni raia wa nchi gani, nalo ndilo swali la kwanza la afisa wa Uhamiaji.

Wengi husema, "Nitaihuisha siku nitakayosafiri." Kauli hiyo ina hatari. Mwezi Februari 2024, Rais Lazarus Chakwera aliliarifu Bunge la Malawi kwamba mtambo wa pasipoti umevamiwa na wadukuzi waliodai fedha, na utoaji wa pasipoti ulikuwa umesimama. Mwenye pasipoti hai aliweza kungoja. Aliyeiacha ikafa, kisha akapata habari ya msiba wa mama yake Karonga wiki hiyo, alikuwa katika mashaka: ofisi ya kwao iko ng'ambo ya mpaka, na mpaka wadai pasipoti. Njia nyingine ni ubalozi ulioko Dar es Salaam, na kutoka Mbeya hadi huko ni kilometa zaidi ya 800. Tena nchi nyingi hutaka pasipoti ya msafiri iwe imebakiwa na miezi 6, hivyo tarehe iliyoandikwa ndani siyo tarehe ya kuanza kushughulika.

Yapo pia maoni kwamba dawa ni kuomba uraia tu. Kwa mke, mlango upo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 11, yampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Maneno hayo ya mwisho yasomwe mara mbili. Mume akifariki, njia hiyo ya ndoa hufungwa, na wakati huo huo msingi wa hati ya mtegemezi nao huondoka. Mjane hubaki na pasipoti ya kwao, kama anayo.

Kwa mume wa kigeni mlango huo haupo kabisa. Yeye hufuata njia ya wageni wote: miezi 12 mfululizo nchini kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, jumla ya miaka isiyopungua 7. Hapa sheria ina walakini. Mwalimu wa kike wa Iringa aliyeolewa na mgeni ni raia sawasawa na mwalimu wa kiume wa Kyela, na hakuna sababu ya maana ya ndoa yake kuhesabiwa nusu.

Isitoshe, Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Zambia iliruhusu kwa Katiba iliyorekebishwa mwaka 2016, na Malawi mwaka 2019, lakini ruhusa zao hazifuti katazo la hapa. Anayepokea uraia wetu huukana wa kwao, na asiyekuwa tayari kuukana asilaumiwe, kwani huenda ana wazazi wazee na shamba la urithi huko. Ila naye ajue bei yake: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia umiliki wa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Watoto hawamo katika shida hiyo. Mtoto aliyezaliwa nchini na mzazi mmoja raia ni raia.

Watanzania walioolewa ughaibuni wameuonja mkanganyiko huo kwa upande wa pili. Pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018 na ile ya zamani kupangiwa kuondolewa, mtu aliyekuwa na ukaazi wa kudumu Uingereza au Marekani alibaki na haki ya kuishi huko, lakini kurudi Mbeya kuzika au kuoza bila pasipoti mpya kulikuwa jambo jingine.

Mtendaji wa kata na mwalimu mkuu ndio waandikao barua za utambulisho, nao huwajua wanandoa hawa kwa majina. Wakati wa kuandika barua hiyo, waombe kuiona pasipoti yenyewe na kutazama tarehe, kabla ya kuuliza habari za cheti cha ndoa.