Mambo ya Kale Yaanzie Nyumbani

Mtoto wa mkoa wetu wa Mara akiulizwa habari za watu wa kale, aghalabu hutaja piramidi za Misri, kisha fuvu la Zinjanthropus alilolivumbua Mary Leakey huko Oldupai mwaka 1959, na hapo hunyamaza, kana kwamba baina ya fuvu lile lenye umri wa miaka 1,750,000 na kuja kwa Wadachi hapakupita katika nchi hii mtu aliyezaliwa, akafuga, akapika na akazikwa. Simlaumu mwalimu, maana watoto wake ni wengi na vipindi vyake ni vichache. Na somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, ingawa ni jambo la heri, haliwezi kueleza habari za kila kilima. Pengo hilo ni wajibu wa mzazi kulijaza, jioni, nyumbani kwake.

Na aanze na jambo la karibu. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, upande wa Kenya, katika kaunti ya Migori, kwenye maporomoko ya Gogo ya mto Kuja, wataalamu walichimba katika miaka ya 1980 wakaikuta ardhi imejipanga matabaka: chini vigae vya watu waliovua samaki na kuwinda, na juu yake mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wa wafugaji walioishi hapo yapata miaka 2,000 iliyopita, ambao pamoja na mifugo yao hawakuacha kuvua wala kuwinda. Vilionekana pia vyungu vya Urewe, vya zama za chuma, ambavyo baadhi yake huwa na kishimo kitakoni, kilichobonyezwa na mfinyanzi wakati udongo ungali mbichi. Wafugaji wale walikatia nyama kwa jiwe jeusi ling'aalo kama chupa, ambalo likichongwa ukingo wake huwa mwembamba hata nuru ya jua hupenya. Na jiwe hilo asili yake si Mara wala Migori, bali ni pande za Naivasha, katika Bonde la Ufa, mwendo wa kilomita 200 hivi. Mzazi na amfungulie mtoto ramani, amwonyeshe Naivasha na Sirari, kisha amwulize jiwe lile lilifikaje, na kila atakapojibu amtake dalili.

Kisha wamwendee babu. Mtoto wa Kikurya huzaliwa ndani ya irikora lake, yaani rika la kizazi, ama upande wa Saai ama upande wa Chuma, kwa kufuata la baba yake, na kwa hiyo kuhesabu vizazi si jambo geni nyumbani. Kizazi kimoja tukikikadiria kuwa miaka 25, baina ya mtoto huyo na wafugaji wa Gogo pana vizazi 80. Tuseme babu ametaja kumi bila kukosea, jambo ambalo ni fahari kubwa. Sabini vilivyosalia habari zao hazimo kinywani mwa mtu, zimo ardhini.

Hapa nawaomba wazazi hadhari kubwa. Asije mtu akamwambia mwanawe kuwa wale wa Gogo walikuwa Wakurya, au Wajaluo, au Wangoreme, kwa maana kigae hakina kabila, na nchi hii imeona mapigano ya koo za Tarime yaliyotoa roho za watu na kuteketeza nyumba, na kila upande ukidai kuwa ardhi ni yake tangu mababu. Mtoto aliyekwisha kuona kwamba chini ya mfugaji alikuwako mvuvi, hashawishiki upesi na neno la kwamba sisi ndio tuliotangulia. Wanata, jirani zetu wa Serengeti, katika riwaya ya asili yao, husimulia habari za Nyamunywa aliyekuwa mwindaji na Nyasigonko aliyekuwa mkulima, ambao walikutana, na kizazi kikatokana na wote wawili. Riwaya kama hiyo ichukuliwe kwa taadhima, lakini mtoto amwulize bibi aliisikia kwa nani, na huyo naye kwa nani, kama wanazuoni wa Hadithi wanavyodai isnadi, na majina ya mapokezi hayo ayaandike katika daftari.

Kuchimba asichimbe, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba bila leseni, na kwa sababu kigae kikishang'olewa katika tabaka lake hakuna tena awezaye kujua kilitangulia nini na kilifuatwa na nini. Akikiona shambani baada ya mvua, akiache palepale, apime kwa hatua toka mti ulio karibu, achore mahali hapo katika daftari lile lile, na mzazi apeleke habari kwa mtendaji wa kijiji.