Sauti Tulizohifadhi na Sauti Tulizopoteza
Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Jubilei ya Miaka 25



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini tunakusanya rekodi za Handel na Mozart majumbani, ilhali tuna nyimbo zetu za Kiswahili na Kiturkana. Leo tuwajibu.

Tulipoanza, tulikuwa na kanda moja ya "Haleluya" ya Handel na redio ya betri. Noti za solfa tulizisoma, lakini mwendo na mahali pa kuvuta pumzi tulijifunza kwenye kanda. Betri zikichoka, kanda ilijikokota na sauti kushuka. Hatukutambua. Tuliimba hivyo Krismasi mbili, chini na polepole, na soprano hawakulalamika hata mara moja! Siku tuliyosikia rekodi safi tulicheka sana, kisha tukaanza upya.

Tangu hapo tunasema: usitegemee rekodi moja. *Messiah*, kazi yenye "Haleluya" hiyo, iliimbwa mara ya kwanza Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742, na waimbaji wapatao 30. Mapato yalisaidia wagonjwa na wafungwa wa madeni. Mwaka 1784, London, iliimbwa na kupigwa na watu zaidi ya 500. Rekodi za leo bado zinafuata njia hizo mbili: kwaya kubwa yenye kishindo, au kikundi kidogo ambamo kila sauti inasikika. Sisi tulio wachache tunajifunza zaidi kwa kikundi kidogo. Na mkisikia wenye ala za kizamani wako chini kwa nusu toni hivi, msibadilishe betri. Ndivyo wanavyoziweka.

Anayeanza mkusanyiko wake nyumbani, aanze na *Ave verum corpus* ya Mozart ya mwaka 1791. Ni fupi, pau 46 tu. Isikilize mara nne, kila mara ukifuata sauti moja: soprano, alto, tena, besi. Kisha atafute *Missa Luba*, Misa ya Kilatini kwa mapigo ya Kongo. Sisi tuliletewa na ndugu yetu Mkongomani wa Kakuma, kwenye memori kadi. Baadaye tukagundua kwamba hata Muungano National Choir ya hapa Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi.

Lakini katika furaha hii tuna jambo la kukiri. Kanda zetu wenyewe tuliziweka kwenye sanduku la bati, juu ya kabati, chini ya mabati. Joto la Lodwar mnalijua. Mwalimu wetu wa kwanza alipofariki, familia iliomba sauti yake isikike kwenye mkesha. Tulifungua sanduku tukakuta kanda zimejikunja na kujaa vumbi. Hakuna hata moja iliyocheza. Mama mjane alitutazama, akasema, "Basi imbeni nyinyi." Tukaimba, lakini tuliona aibu. Kazi ya Handel, aliyefariki mwaka 1759, ilikuwa salama mikononi mwetu. Ya mwalimu wetu hatukuitunza.

Ndiyo sababu tunawaomba zawadi moja ya Jubilei. Aliye na kanda, simu ya zamani au kadi yenye sauti ya kwaya hii, hata kama ni ya arusi au mazishi, atuletee tunakili kisha tumrudishie. Kila rekodi tutaiandika: wimbo gani, mwaka gani, nani anaongoza. Nakala moja itakaa Lodwar, ya pili Kakuma, ya tatu nyumbani kwa mwanakwaya, mbali na joto. Na wazee wetu mnaojua nyimbo za Kiturkana tulizoanza nazo, tutawajia na simu zetu. Msituambie sauti imezeeka. Tunaitaka hivyo ilivyo, mkiwa bado nasi.