Utoto wa Yesu Katika Hadithi

Karibu na bandari ya Dar es Salaam lasimama kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa zamani za Wajerumani. Yosefu huyo alikuwa seremala, na nyumbani mwake alilelewa Yesu. Je, alikuwa mtoto wa namna gani?

Injili zasema machache mno. Luka atwambia kwamba alipokuwa na miaka 12 wazazi wake walipotezana naye Yerusalemu, wakamwona siku ya tatu hekaluni kati ya waalimu. Kisha ni kimya, hata alipopata miaka kama 30. Katika kimya hicho ndimo walimoingia watunga hadithi.

Mashuhuri ya kale ni ile iitwayo Injili ya Utoto ya Tomaso, iliyotungwa yapata karne ya 2, ambayo haikutiwa katika Biblia. Humo mtoto wa miaka 5 acheza kijitoni baada ya mvua, kama wachezavyo watoto wa Kariakoo wakati wa masika. Afinyanga shomoro 12 wa udongo. Nayo ni siku ya Sabato. Yosefu aitwa, aja kumkemea. Mtoto apiga makofi, shomoro waruka wakilia. Ndugu zetu Waislamu hawatashangaa, maana Kurani nayo, katika sura za Aali Imran na Al-Maida, yataja ndege wa udongo ambaye Isa bin Mariamu alimpulizia, akawa hai kwa idhini ya Mungu.

Lakini humo humo mwenzake ampiga kikumbo, naye amlaani, akafa. Tusifiche: mtungaji alitaka kuonyesha uwezo, akamsahau mtoto. Mwandishi Mmarekani Anne Rice, katika riwaya yake ya mwaka 2005, aliichukua habari hiyo akaigeuza. Mtoto wake, mwenye miaka 7, akaa Alexandria nchini Misri. Amwona mwenzake amekufa, aziogopa nguvu zilizo ndani yake, na wazee hawataki kumweleza zatoka wapi. Huyo naweza kumsadiki.

Hata hivyo mimi napenda zaidi habari ya kitanda, iliyo katika kitabu kile cha kale. Tajiri alimwagiza Yosefu kitanda, na ubao mmoja ukatokea mfupi. Seremala yeyote aijua hasara hiyo: ubao umekwisha katwa, na mwenye kitanda angoja. Mtoto akamwambia baba azilaze mbao mbili chini, azilinganishe ncha za upande mmoja. Kisha akaushika ule mfupi upande wa pili, akauvuta, ukalingana na mwenzake. Yosefu akamkumbatia, akambusu.