Basi la Ulaya na Daladala la Temeke

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wahitimu na wanafunzi siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ninalolipenda, nami nimechagua magari ya kuchezea. Msicheke. Mtumishi wa serikali aliyepita miaka arobaini anaweza kuwa na kabati la magari, mradi mkewe ameridhia.

Wa rika langu mnayakumbuka mabasi ya Ikarus ya UDA, yale marefu kutoka Hungaria yenye kiungo katikati, tuliyoyaita kumbakumba. Miaka minne iliyopita niliona mfano wake mdogo ukiuzwa Ulaya, nikauagiza. Bei ilikuwa shilingi 40,000. Usafiri na bima 60,000. Sasa sikilizeni hesabu. Ushuru wa forodha hautozwi juu ya bei ya kitu peke yake, bali juu ya jumla ile ya 100,000. Kwa asilimia 25 ni 25,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, huhesabiwa juu ya 125,000, nayo ni 22,500. Tozo ndogondogo naziacha. Basi la 40,000 likafika kwangu kwa 147,500, tena kioo kimoja kimeng'oka. Kulirudisha kungenigharimu kuliko basi lenyewe, nikanyamaza.

Juma lile lile nilikwenda Temeke, nikamkuta kijana anauza daladala za makopo na waya, magurudumu ya kandambili. Ubavuni kapaka mstari wa rangi wa njia yake, mlango unafunguka, na konda wa waya ananing'inia. Akataja 30,000. Mimi niliyelipa Ulaya bila kubishana hata senti, nikamshusha hadi 18,000, nikaondoka najiona mjanja.

Mwaka uliofuata nilirudi nikitaka jingine. Nilimkuta kijiweni juu ya bodaboda.

"Shikamoo mzee," akasema. "Ile kazi niliacha. Gari lako lilinichukua siku tatu."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma.

Sisemi msiagize nje. Ikarus ile hapa haitengenezwi. Hata vigari vya Kariakoo vingi vimetoka China. Ila mfanyabiashara aliyeleta kontena zima amegawa nauli kwa maelfu ya vipande, ndiyo maana ni nafuu. (Pindueni gari msome chini kabla ya kulipa, bandia ni nyingi.) Lakini daladala yenye konda mlangoni sijaiona katika orodha ya duka lolote la Ulaya, na ninayo moja tu.

Nimeambiwa Kidato cha Pili wapo wanaotengeneza magari ya makopo. Nitakuwa chini ya mwembe hadi saa kumi. Leteni, mtaje bei, sitaomba kupunguziwa.